Swali lisilofaa kuulizwa mlangoni mwa taifa

Mwanzoni mwa Septemba 2025 Wizara ya Mambo ya Ndani ya India ilitoa amri inayowahusu watu walioingia nchini humo kutoka Afghanistan, Bangladesh na Pakistan bila hati za kusafiria, au wakiwa na hati zilizopitwa na muda. Wahindu, Masingasinga, Wabudha, Wajaini, Waparsi na Wakristo walioingia hadi tarehe 31 Desemba 2024 kwa sababu ya mateso ya kidini, au kwa kuyahofia, hawatashtakiwa kwa kukosa pasipoti na viza wala kurudishwa walikotoka. Kabla wino haujakauka, habari zilikuwa zimeenea kwamba India imeisogeza mbele kwa miaka kumi tarehe ya mwisho ya sheria yake ya uraia. Haikufanya hivyo. Njia fupi ya kupata uraia bado ni ya walioingia hadi 31 Desemba 2014. Waliokuja baada ya hapo wameruhusiwa kukaa tu. Kati ya kuruhusiwa kukaa na kuwa raia pana umbali mrefu, na anayeujua vizuri ni yule aliyewahi kuishi miaka mingi kwa kibali.

Kosa hilo linasahihishika kwa kusoma ukurasa mmoja. Ninaloliona zito zaidi ni jinsi mjadala ulivyorudi palepale ulipoachwa: upande mmoja unasema India inawahurumia wanaoteswa, wa pili unasema India inawachukia Waislamu, na kila upande unaishia hapo. Hoja yangu ni hii. Nchi ina haki ya kuwafungulia mlango watu fulani kabla ya wengine, na kuna nyakati ina wajibu wa kufanya hivyo. Linaloamua kama hiyo ni haki au ni ubaguzi ni swali analoulizwa mtu mlangoni. Akiulizwa alitendewa nini, au ana uhusiano gani na nchi hiyo, tutabishana kuhusu upana wa mlango tu. Akiulizwa anaabudu nini, mambo mawili hufuata. Kwanza, aliyeteswa ambaye dini yake haikutajwa hubaki nje. Pili, serikali hujikuta mwamuzi wa imani za watu, hata za wale iliokusudia kuwapendelea. Jambo hili la pili husahaulika, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Tuanze na India yenyewe. Sheria ya kurekebisha uraia ilipitishwa na Bunge Desemba 2019 katikati ya maandamano makubwa, ikakaa bila kanuni kwa zaidi ya miaka minne, kisha kanuni zikachapishwa Machi 2024, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Inawaruhusu watu wa dini sita nilizozitaja, kutoka nchi tatu nilizozitaja, kuomba uraia wa tajnisi baada ya kuishi nchini miaka 5 badala ya 11. Mei 2024 watu 14 wa kwanza walikabidhiwa hati zao mjini Delhi. Walioitunga hawakubuni mateso yasiyokuwepo. Machi 2020 washambuliaji waliingia katika hekalu la Masingasinga mjini Kabul wakaua waumini 25. Katika jimbo la Sindh nchini Pakistan, wazazi wa Kihindu wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mabinti zao hutoroshwa, husilimishwa na kuozwa kwa nguvu. Serikali ya Bangladesh ilipoanguka Agosti 2024, nyumba na mahekalu ya Wahindu yalishambuliwa katika wilaya kadhaa. Mpinzani wa sheria hii asiyetaja mambo hayo anajidhoofisha mwenyewe, kwa sababu anayemsikiliza anajua kwamba yalitokea.

Sasa tazama karatasi yenyewe. Kanuni za 2024 zinamtaka mwombaji alete cheti kutoka taasisi ya kijamii inayoheshimika mahali anapoishi, kinachothibitisha kwamba yeye ni wa mojawapo ya jamii zile sita. Hakuna anapotakiwa kuonyesha kwamba alifukuzwa, alipigwa, binti yake alichukuliwa au duka lake lilichomwa. Ndani ya vifungu vya sheria yenyewe neno mateso halimo kabisa. Limo kwenye maelezo ya madhumuni yaliyoambatana na muswada. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kihindu aliyevuka kutoka Dhaka mwaka 2012 kutafuta soko, ambaye hakuna aliyewahi kumgusa, anapita. Mtu aliyekimbia kwa kuwa msikiti wake ulilipuliwa hapiti. Sheria iliyonadiwa kama kimbilio la wanaoteswa haiulizi mateso.

Hapo ndipo watetezi hutoa hoja ambayo, kwa maoni yangu, ni dhaifu kuliko zote walizonazo: kwamba nchi zile tatu ni za Kiislamu, na Mwislamu hawezi kuteswa kwa ajili ya dini katika nchi ya Kiislamu. Anayesema hivyo amewasahau Waahmadiyya. Mwaka 1974 Pakistan ilibadili katiba yake na kutamka kwamba wao si Waislamu. Mwaka 1984 ikaongeza amri inayowaadhibu wakijiita Waislamu au wakiita mahali pao pa ibada msikiti. Mei 2010 misikiti yao miwili mjini Lahore ilishambuliwa kwa siku moja na watu zaidi ya 80 wakauawa. Profesa Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, alikuwa Mwahmadiyya. Alizikwa Rabwah, mji wa Waahmadiyya nchini Pakistan, mwaka 1996, na jiwe la kaburi lake likaandikwa kwamba alikuwa Mwislamu wa kwanza kushinda tuzo hiyo. Neno "Mwislamu" likafutwa, na pengo lake likabaki kwenye jiwe. Upande wa Afghanistan wapo Wahazara, ambao wengi wao ni Washia. Mei 2021 mabomu yalilipuka nje ya shule kwenye mtaa wao magharibi mwa Kabul wakati wasichana wakitoka darasani, na waliokufa walizidi 80. Hawa wote wameteswa kwa sababu ya dini, na katika orodha ya India hakuna nafasi yao.

Na wala si Waislamu peke yao walioachwa. Watamil walioikimbia Sri Lanka tangu vita vilipoanza mwaka 1983, ambao wengi wao ni Wahindu, hawamo kwenye sheria hiyo, ingawa maelfu wameishi kambini Tamil Nadu mpaka wamepata wajukuu humo. Kama lengo lingekuwa kuwakinga wanaoteswa katika nchi jirani, wangekuwemo. Kama lengo lingekuwa kuwakusanya Wahindu, wangekuwemo pia. Kutokuwemo kwao kunaonyesha kwamba nchi tatu zilichaguliwa kwa kuwa zina Waislamu wengi, na dini sita zikachaguliwa ili moja ikosekane.

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao India haijauridhia, nao unataja dini. Watu wengi hawalitazami jambo hili vizuri, nami naona ndilo kiini cha mada yote. Mkataba unataja sababu tano za mateso: rangi, dini, utaifa, kuwa katika kundi fulani la jamii, na maoni ya kisiasa. Lakini humo dini imetajwa kama sababu iliyomfanya mtesaji atese. Ofisa anayesikiliza ombi anapaswa kuchunguza kilichokuwa kichwani mwa waliomfukuza mtu huyu. Kwa kipimo hicho Mhindu wa Sindh anaingia, Msingasinga wa Kabul anaingia, Mwahmadiyya wa Lahore anaingia, hata asiyeamini chochote aliyetishiwa kuuawa kwa kukana dini anaingia. Neno ni lilelile, dini, ila mahali limewekwa pengine, na kwa sababu hiyo watu wengine kabisa ndio wanaovuka.

Utetezi wa pili una nguvu kidogo kuliko wa kwanza: kumpa mmoja si kumnyima mwingine. Sheria, wanasema, haimnyang'anyi Mwislamu yeyote wa India uraia wake. Ukiisoma peke yake, ni kweli. Lakini haisomwi peke yake. Katika jimbo la Assam, daftari la raia lilikamilishwa tarehe 31 Agosti 2019 na watu karibu milioni 1.9 wakakuta majina yao hayamo. Kila mtu alitakiwa aonyeshe kwamba yeye au wazazi wake walikuwa India kabla ya usiku wa kuamkia 25 Machi 1971. Fikiria mwanamke wa kijijini asiye na cheti cha kuzaliwa, aliyeolewa akiwa mdogo, ambaye jina la baba yake limeandikwa kwa herufi moja kwenye orodha ya wapiga kura ya zamani na kwa herufi nyingine kwenye karatasi ya shamba. Kwa tofauti ya herufi hiyo anaitwa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Akiwa Mhindu wa Kibengali, sheria ya 2019 inampa upenyo: anaweza kusema alitoka Bangladesh na kuomba uraia upya, japo kwa kukubali uongo kwamba hakuzaliwa India. Akiwa Mwislamu, upenyo huo haupo. Anabaki na baraza la wageni, chombo kinachoamua nani ni mgeni, na rufaa. Mwaka 2019 waziri wa mambo ya ndani, Amit Shah, alieleza hadharani kwamba sheria ya uraia ingetangulia na daftari la nchi nzima lingefuata. Baadaye serikali ikasema daftari hilo haliko mezani. Hata likibaki la Assam peke yake, vyombo hivi viwili vikifanya kazi pamoja, zawadi ya mmoja inakuwa hasara ya mwingine. (Waassam wengi, tuseme ukweli, wanaipinga sheria hii kwa sababu tofauti kabisa: hawataki mgeni wa dini yoyote, wakihofia lugha na ardhi yao. Si kila mpinzani wa ubaguzi huu ni mtetezi wa usawa.)

Lakini India ni mwanafunzi mchanga katika somo hili. Nchi iliyoishi nalo kwa muda mrefu zaidi ni Israeli, na Sheria yake ya Kurejea ya tarehe 5 Julai 1950 ina utetezi mzito kuliko wa India, ambao haifai kuupita haraka. Mei 1939 meli iitwayo St. Louis iliondoka Hamburg na abiria zaidi ya 900, karibu wote Wayahudi. Cuba ilikataa kuwashusha isipokuwa wachache, Marekani na Kanada zikafunga milango, meli ikarudi Ulaya, na 254 kati ya abiria hao wakauawa katika miaka iliyofuata. Watu waliokusanya maiti milioni sita na kukumbuka kila mlango uliofungwa walipoandika kwamba kila Myahudi ana haki ya kuja, walikuwa wanajibu jambo lililotokea kweli, tena karibuni. Anayeiita sheria hiyo ubaguzi bila kuitaja St. Louis hajaielewa.

Hata hivyo angalia ilichozaa. Oswald Rufeisen alizaliwa Poland mwaka 1922 katika familia ya Kiyahudi. Wakati wa vita alificha asili yake akawa mkalimani wa polisi wa Kijerumani katika mji wa Mir, ambao leo uko Belarus. Aliposikia siku iliyopangwa kuwaangamiza Wayahudi wa mji huo mwaka 1942, aliwatonya, na watu wapatao 300 wakatorokea msituni. Yeye alijificha kwenye nyumba ya watawa, akabatizwa humo, na baada ya vita akawa mtawa wa shirika la Wakarmeli, Ndugu Daniel. Alipofika Israeli aliomba uraia kwa Sheria ya Kurejea, akisema dini yake ni Ukatoliki lakini yeye ni Myahudi, mwana wa watu wake. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ilimkatalia, majaji wanne kwa mmoja. Niliposoma hoja za majaji kwa mara ya kwanza nilirudi nyuma kuhakikisha nimeelewa. Walikubali kwamba kwa sheria ya dini ya Kiyahudi yeye bado ni Myahudi, kwa kuwa mama yake alikuwa Myahudi. Walimkataa kwa sababu, machoni pa mtu wa kawaida, Myahudi aliyekuwa Mkristo si Myahudi tena. Dini ilimpokea, dola ikamkataa. Aliyewaokoa Wayahudi 300 alikuja kupata uraia kwa tajnisi, kama mgeni yeyote, akaishi katika monasteri ya Stella Maris mjini Haifa hadi kifo chake mwaka 1998.

Dola haikuishia hapo, kwa sababu isingeweza. Ikishauliza swali lile, lazima iendelee kulijibu. Mwaka 1970, baada ya mahakama kumruhusu ofisa mmoja wa jeshi la wanamaji aandikishe watoto aliozaa na mke asiye Myahudi kuwa Wayahudi wa taifa bila dini, Bunge lilirekebisha sheria: Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka, na asiwe wa dini nyingine. Papo hapo likapanua haki ya kuja kwa watoto na wajukuu wa Myahudi pamoja na wenzi wao. Kwa kifungu hicho cha mjukuu, watu wengi waliotoka Muungano wa Kisovyeti wa zamani tangu mwisho wa miaka ya 1980 walipata uraia ingawa mama zao hawakuwa Wayahudi. Wakafanya kazi, wakalipa kodi, watoto wao wakaingia jeshini. Walipotaka kuoana ndani ya nchi, wakakuta ndoa ya Kiyahudi iko mikononi mwa marabi, na marabi hawawatambui. Wengi hupanda ndege kwenda Kupro, wakafunga ndoa huko na kurudi na cheti. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2022, vyama vya kidini vilivyoingia serikalini vilidai kifungu cha mjukuu kifutwe. Wafikirie Waethiopia nao: Beta Israel, yaani Wayahudi wa Ethiopia, walitambuliwa katika miaka ya 1970 na zaidi ya 14,000 wakasafirishwa kwa ndege ndani ya takriban siku moja na nusu, Mei 1991, lakini Wafalash Mura, ndugu zao ambao mababu walibatizwa, hawamo kwenye Sheria ya Kurejea. Huingia kwa maamuzi ya serikali, kundi kwa kundi, na wazazi wamekaa Gondar na Addis Ababa miaka mingi wakisubiri kuwaona watoto waliotangulia. Hawa wote ni watu ambao sheria ilikusudia kuwapendelea, au wa damu yao.

Kutoka Stella Maris, juu ya Mlima Karmeli, bandari ya Haifa inaonekana chini. Aprili 1948 Wapalestina wa mji huo waliondoka kwa makumi ya maelfu wakati wa mapigano, wengi wao kwa mashua kupitia bandari hiyohiyo, kuelekea Acre na Lebanon. Wakabaki elfu chache. Desemba mwaka huo Umoja wa Mataifa, katika Azimio namba 194, ulisema wakimbizi wanaotaka kurudi makwao na kuishi kwa amani na majirani zao waruhusiwe mapema iwezekanavyo. Hawakuruhusiwa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1952 iliweka masharti ya kuwepo nchini ambayo aliyekimbia hangeweza kuyatimiza. Kwa hiyo leo mjukuu wa Myahudi ambaye hajawahi kuliona Karmeli anaweza kutua na kuwa raia, na mtu aliyezaliwa chini ya mlima huo mwaka 1940, ambaye bado anaishi katika kambi ya wakimbizi Lebanon, hawezi hata kuja kukaa. Watetezi hujibu kwamba kila taifa lina haki ya kulinda wingi wa watu wake, na kwamba karibu raia mmoja kati ya watano wa Israeli ni Mwarabu. Yote mawili yanastahili kupimwa. Lakini la kwanza, likikubaliwa bila mpaka, linaihalalishia kila nchi yenye hofu ya hesabu za watu kufanya lolote. La pili linazungumzia waliobaki, halisemi chochote kuhusu waliotoka. Haki ya abiria wa St. Louis kupata bandari ilikuwa kweli, na haikuhitaji kulipwa na watu wa bandari ya Haifa.

Sheria ya kimataifa ina ufa hapa, na nchi zinaujua. Mkataba wa mwaka 1961 wa kupunguza hali ya kukosa uraia, katika kifungu cha 9, unakataza waziwazi kumvua mtu au kundi uraia kwa sababu za rangi, kabila, dini au siasa. Kuhusu kutoa uraia, mikono imelegezwa. Mkataba wa kuondoa ubaguzi wa rangi unaziachia nchi sheria zao za uraia mradi zisibague utaifa fulani, na dini haikutajwa humo. Ndiyo maana serikali hupenda kuita jambo hili kutoa: ukiita kutoa, unaingia mahali ambapo sheria ni nyepesi. Wenye misimamo ya wazi hawahangaiki na maneno. Katiba ya Maldives ya mwaka 2008 inasema asiye Mwislamu hawezi kuwa raia, na Kuwait tangu 1982 haimpi tajnisi asiye Mwislamu. Lakini Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa unasema hakuna mtu atakayenyimwa kiholela haki ya kuingia nchi yake mwenyewe, na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 1999 kwamba "nchi yake" ni pana kuliko nchi ya pasipoti yake. Aliyevuliwa uraia kinyume cha sheria bado ana nchi. Kwa macho hayo, kumpa mgeni kwa dini yake huku ukimzuia mwenyeji kwa dini yake ni tendo moja, hata likiandikwa kwenye sheria mbili.

Uhispania ilipofanya toba yake ya kihistoria ilikaribia kupata jibu sahihi, ikaishia nusu njia. Sheria ya mwaka 2015 iliwapa uraia wazao wa Wayahudi wa Sefaradi waliofukuzwa mwaka 1492. Haikuuliza dini ya mwombaji wa leo. Iliuliza asili yake, ikamtaka afaulu mtihani wa Kihispania na wa katiba, na mpaka dirisha lilipofungwa Oktoba 2019 maombi yalikuwa yamezidi 130,000. Hapo nasifu. Lakini kati ya 1609 na 1614 ufalme huohuo uliwafukuza Wamorisko wapatao 300,000, wazao wa Waislamu ambao tayari walikuwa wamebatizwa kwa lazima. Kisheria walikuwa Wakristo, na bado walipakiwa melini. Familia zao zingalipo Rabat na Tetouan. Ukoo wa Torres huko Tetouan umebaki na jina la Kihispania baada ya karne nne. Hakuna sheria iliyowaita warudi. Wapo wanaosema Waislamu waliingia Hispania kama wavamizi mwaka 711, basi kufukuzwa kwao si dhulma ya aina ileile. Aliyepakiwa melini mwaka 1609 alikuwa ametenganishwa na uvamizi huo na miaka karibu 900, na mababu wengi wa Wamorisko walikuwa wenyeji waliosilimu. Kosa lilikuwa moja, limetubiwa nusu, na nusu iliyoachwa inatambulika kwa dini.

Ujerumani ilifanya vizuri zaidi, tena mapema. Katiba yake ya mwaka 1949, kifungu cha 116, inamrudishia uraia yeyote aliyevuliwa kati ya 30 Januari 1933 na 8 Mei 1945 kwa sababu za kisiasa, rangi au dini, pamoja na wazao wake. Wengi walionufaika ni Wayahudi, kwa sababu wengi waliodhulumiwa walikuwa Wayahudi. Lakini mkomunisti aliyevuliwa uraia naye anaingia kwa mlango huohuo, na hakuna ofisa anayelazimika kumpima imani. Benin nayo, Septemba 2024, ilitunga sheria ya kuwapa uraia wazao wa Waafrika waliosafirishwa utumwani: mwombaji anathibitisha ukoo, na kinachotajwa ni kitendo cha kupelekwa utumwani. Sheria hizi mbili zinaonyesha kwamba mtu anaweza kupendelewa, hata kupendelewa sana, bila kuulizwa anasali wapi. Kwa hiyo siungani na wale wanaosema kila upendeleo katika uraia ni ubaguzi. Wakishinda, watakuwa wamefunga pia milango ambayo historia inadai ifunguliwe.

Hofu yangu kubwa ni kwamba kizazi chetu kinasahau jinsi kipimo cha dini kilivyokwisha kujaribiwa, tena kwa nia ya kuleta amani. Januari 1923, Lausanne, Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu, na kipimo kikawa dini peke yake. Waorthodoksi takriban milioni 1.2 wa Uturuki, wengi wao tayari wakiwa wamekimbia, wakahesabiwa Wagiriki. Waislamu wapatao 400,000 wa Ugiriki wakahesabiwa Waturuki. Walikuwamo Waorthodoksi wa Anatolia waliosali kwa Kituruki, na Waislamu wa Krete waliojua Kigiriki tu. Walishuka bandarini katika "nchi yao" wakiwa hawawezi kuomba maji kwa lugha ya watu wa hapo. Wakubwa waliosaini hawakuwauliza walikuwa watu wa wapi. Jibu lilikuwa limekwisha kupatikana kanisani na msikitini.

Kwa India, marekebisho yanayohitajika ni mafupi kuliko hotuba zote zilizotolewa juu ya sheria hii. Majina ya dini sita yaondolewe, na mahali pake yaandikwe maneno yaliyokuwemo tangu mwanzo kwenye maelezo ya muswada: aliyeteswa kwa sababu ya dini. Katiba ya India, kifungu cha 14, inamhakikishia usawa "mtu yeyote", haikusema raia yeyote, na zaidi ya maombi 200 yamewasilishwa Mahakama ya Juu kwa msingi huo. Mhindu wa Sindh hatapoteza chochote kwa badiliko hilo. Msingasinga wa Kabul hatapoteza chochote. Atakayeongezeka ni kama yule Mwahmadiyya wa Rabwah. Mwanzilishi wa harakati yake, iliyoanza mwaka 1889, alikuwa mtu wa Qadian, mji ulioko wilaya ya Gurdaspur, jimbo la Punjab, ndani ya India, na amezikwa hapohapo. Akifika leo Qadian akikimbia wanaotaka kumuua, akasimama kwenye kaburi ambalo dini yake yote inaliangalia, kisha akaenda ofisini kuomba uraia, ataombwa alete cheti cha mojawapo ya jamii sita.